Nyongeza ya mshahara na makato yake

Nyongeza ya shilingi 60,000 haifiki mfukoni ikiwa 60,000. Mfano ni mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 600,000, asiye na posho, ambaye bado analipa deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mwajiri anampandishia asilimia 10. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ambako kwa kawaida mfanyakazi huchangia asilimia 10, inachukua 6,000. Bodi, inayokata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, inachukua 9,000. Kodi hutozwa kwenye kinachobaki baada ya kutoa mchango wa NSSF: awali kilikuwa 540,000 na kodi yake 24,000; sasa ni 594,000, na kodi imefika 34,800. Hapo zimeondoka 10,800 nyingine. Kinachoongezeka benki ni shilingi 34,200.

Upande wa mwajiri hesabu ni nyingine. Naye huichangia NSSF asilimia 10, hivyo nyongeza hiyo imemtoka 66,000, kabla ya tozo ya kuendeleza ujuzi na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mmoja anaapa ametoa 66,000, mwingine anaapa amepata 34,200, na wote wanasema kweli.

Anayeziona hesabu zote mbili ni mhasibu wa mishahara, na ndiye anayefuatwa dirishani hati za malipo zikishatoka. Akiulizwa mapema, hushauri barua ya nyongeza iandikwe kiasi kamili, kila kato na kitakachobaki. Ni kazi ya nusu saa, lakini waajiri wengi huandika asilimia peke yake, na mtu anapanga kodi ya nyumba na ada kwa fedha ambazo hatazipata.

Asilimia moja kwa wote nayo ina kasoro yake. Asilimia 10 humpa wa 400,000 shilingi 40,000, na wa 4,000,000 humpa 400,000, ilhali unga na nauli bei ni moja. Mwajiri mwenye fungu dogo hutenda haki zaidi akigawa kiasi sawa, au akitoa asilimia kubwa kwa ngazi za chini.

Kupandisha kima cha chini peke yake pia hakutoshi. Mei Mosi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni hatua iliyongojewa na wengi. Lakini popote kima kinapopanda na ngazi za juu yake zikabaki palepale, aliyeajiriwa jana humkaribia aliyekaa kazini miaka minane.

Mahali penye hasara isiyoonekana ni posho. Mwajiri anayeweka nyongeza kwenye posho ya usafiri au ya nyumba huacha mshahara wa msingi vilevile, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 huhesabu mengi kwa mshahara huo wa msingi: saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu, na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi miaka kumi. Mfanyakazi hufurahia posho kila mwezi, kisha siku anapopunguzwa kazini analipwa kwa kiwango cha miaka mitano iliyopita.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hata hivyo, ofisi nyingi huufanya mshahara kuwa siri, na kumuuliza mwenzako analipwa ngapi huhesabiwa utovu wa nidhamu. Mwanamke asiyejua anacholipwa mwanamume wa meza ya jirani atawezaje kudai haki hiyo?