Tarehe katika ghala la habari

Mhariri anayetafuta habari zilizoandikwa baina ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Disemba 2007 na mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 hana muda wa kungoja. Lakini kompyuta isiyo na faharasa ya tarehe italipekua jedwali zima la habari, mstari kwa mstari, tangu ule wa kwanza kuhifadhiwa.

Faharasa hiyo hufanya kazi kama ile ya mwisho wa kitabu. Hata jedwali lenye mistari milioni 100 huweza kutafutwa kwa hatua nne au tano. Hata hivyo, jedwali likinenepa faharasa nayo hunenepa, na mashine huanza kuelemewa.

Ndipo jedwali hukatwa mafungu, aghalabu moja kwa kila mwezi au mwaka. Mtumiaji huliona lingali moja, ila programu hufungua mafungu yanayohusika tu. PostgreSQL, programu ya bure ya kuhifadhia kumbukumbu, iliuingiza utaratibu huo katika amri zake rasmi kwa toleo la 10, Oktoba 2017. Toleo la 11, la 2018, liliwezesha faharasa kuagizwa mara moja kwa mafungu yote.

Swali nalo lina adabu yake. Ukiiagiza kompyuta itafute kila tarehe ambayo mwaka wake ni 2008, italazimika kukokotoa mwaka wa kila mstari, na faharasa haitaifaa kitu. Sema badala yake: kuanzia tarehe 1 Januari 2008 hadi kabla ya tarehe 1 Januari 2009.

Na tarehe ya wapi? Nairobi ilipokuwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2008, kwa saa za Greenwich ilikuwa bado saa nne usiku, tarehe 31 Disemba. Habari ya saa hiyo yaweza kuangukia fungu la 2007. Sisi tunaohariri mbali na kwetu twaijua taabu hiyo.

Kufuta habari za mwaka mzima mstari kwa mstari huweza kuchukua saa nyingi. Kuliangamiza fungu lake ni jambo la nukta chache. Wahandisi hulisifu hilo. Mimi hunitia hofu, kwani mwaka mzima wa nchi waweza kutoweka kwa amri moja. Ipo amri nyingine, ya kulitenga fungu likabaki jedwali la peke yake. Hiyo ndiyo itangulie, na nakala ichukuliwe na kujaribiwa kabla ya lolote kufutwa.