Treni Ikiondoka, Njia Hubaki

Treni ikiacha kupita mahali, watu huhesabu hasara. Kituo hufungwa, biashara hudorora, na majani huota katikati ya mataruma. Lakini ipo mali isiyoondoka na treni, nayo ni njia yenyewe.

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, reli kati ya miji ya Elroy na Sparta iliachwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo iliinunua ardhi yake. Reli ziling'olewa, tuta likatandazwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, likawa njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ina urefu wa kilometa 51 hivi na hupita mahandaki matatu. Refu kuliko yote lazidi kilometa moja. Ndani ni giza na baridi, hivyo wageni hubeba tochi na sweta, na mwenye baiskeli hushuka akaikokota.

Sisi wauguzi tunaona faida nyingine. Treni nzito haipandi mlima mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli walikwisha kusawazisha ardhi. Mwenye presha, bibi mwenye maumivu ya magoti na mama anayesukuma kigari cha mtoto, wote wanaimudu njia hiyo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Akina mama wengi hatutembei kwa kuogopa magari, wala si kwa uvivu.

Hata hivyo, njia hufaa ikiwa nzima. Kiwanja kimoja kikiuzwa katikati, imekatika. Ndiyo maana mwaka 1983 sheria ya Marekani iliruhusu njia ya reli iliyoachwa itunzwe kwa matembezi, huku nafasi ya kurudisha treni ikibaki. Treni hurudi kweli: hapa Tanzania, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20.

Basi, dada, usitembee relini kwa kudhani imekufa. Kama kwenu ipo reli iliyolala, ulizeni kwanza wenye mamlaka kama itafufuliwa. Kama haitafufuliwa, pelekeni ombi la njia ya miguu kwenye mkutano wa mtaa mapema, kabla vigingi vya viwanja havijachomekwa.