Jiwe Jeusi Lililo Zito: Tuifahamu Wolframaiti

Katika ziara moja ya miradi, kijana wa kikundi cha wachimbaji wadogo alitutolea jiwe jeusi mfukoni. Lilikuwa dogo kama kiberiti, lakini zito ajabu. Mnunuzi alikuwa amemwambia kuwa ni chuma tu, akamtajia bei ya kutupa. Je, ndugu msomaji, wewe ungejuaje ukweli?

Wolframaiti ni nini?

Ni madini yenye chuma, manganizi, oksijeni na tungsteni. Kinachotafutwa ni tungsteni, metali ambayo huyeyuka kwa nyuzi joto 3,422 za Selsiasi, kuliko metali nyingine zote. Zamani wengi waliijua kwa ule waya mwembamba wa ndani ya balbu. Siku hizi hutumika zaidi kutengeneza ncha ngumu za kutobolea miamba na kukatia vyuma.

Hupatikana wapi?

Zamani za kale, miamba ya matale ilipokuwa ikipoa chini ya ardhi, maji ya moto yenye madini yalipenya kwenye nyufa. Yalipopoa yaliacha mishipa ya kwatsi, yaani yale mawe meupe, na ndani yake wolframaiti. Ndiyo maana mara nyingi huwa jirani na madini ya bati. Wanajiolojia huita eneo letu Ukanda wa Karagwe-Ankole. Katika ukanda huu Kyerwa inajulikana kwa bati, na wolframaiti huchimbwa Nyakabingo nchini Rwanda. Imewahi kuchimbwa pia Nyamuliro, kusini-magharibi mwa Uganda.

Namna ya kuitambua

Kwanza, uzito. Pima jiwe, kisha lipime likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Gawanya uzito wa kwanza kwa uzito uliopungua. Kwa mfano, gramu 360 zikipungua 50, jibu ni 7.2. Wolframaiti huwa kati ya 7 na 7.5. Mawe mengi ya chuma hayazidi 5.3.

Pili, ugumu. Madini ya bati nayo ni mazito, karibu 7, hivyo mizani peke yake haitoshi. Bati hukwaruza kioo, wolframaiti haikwaruzi.

Tatu, rangi ya unga. Sugua jiwe nyuma ya kigae kisichong'arishwa. Wolframaiti huacha mstari wa kahawia iliyoiva au mweusi. Bati huacha mstari mweupe au uliofifia.

Vipimo hivi havichukui nafasi ya maabara, lakini vinamfanya mchimbaji aulize maswali kabla ya kuuza.

Mambo mawili ya kuzingatia

Vumbi la kwatsi huharibu mapafu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba, nao humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Lowesha mwamba kwa maji kabla ya kutoboa na wakati wa kutoboa. Kitambaa puani hakitoshi.

Pia, chimba kwa leseni na uuze mahali panapotambulika. Hapa Tanzania masoko ya madini yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na huko mzigo hupimwa na kuandikwa.

Yule kijana hakuliuza jiwe lake siku ile. Tulilipima pamoja kwa mizani ya duka na ndoo ya maji, tukapata 7.3, na kioo hakikukwaruzika. Alilifunga tena kwenye leso, safari hii akijua la kumwuliza mnunuzi.