Taswira ya Ndoa katika Lugha ya Dini: Mfano wa Wagusii wa Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Katika Biblia uhusiano wa Mungu na watu wake unaelezwa kwa taswira nyingi: mchungaji na kondoo, mfalme na raia, baba na mwana. Miongoni mwa hizo, taswira ya mume na mke ina uzito wa pekee. Kondoo hamchagui mchungaji wake, wala mwana hamchagui baba yake; lakini mume na mke hufungwa na ahadi, na ahadi yaweza kutimizwa au kuvunjwa. Nabii Hosea aliitumia taswira hii katika karne ya nane kabla ya Kristo. Yeremia na Ezekieli wakaifuata, Paulo akaifafanua katika Waraka kwa Waefeso, na Kitabu cha Ufunuo kikaikamilisha kwa arusi ya Mwana-kondoo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi taswira hiyo inavyoeleweka pale inapoingia katika jamii yenye taratibu zake za ndoa. Mfano wetu ni Wagusii, wasemaji wa Ekegusii, ambao makao yao ni wilaya za zamani za Kisii na Nyamira, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti mbili. Hoja yetu ni kwamba neno moja la Kiswahili cha kanisani, yaani "arusi", limezifunika hatua kadhaa za ndoa ambazo waandishi wa Biblia walizitenganisha, na ambazo mila ya Kigusii nayo ilizitenganisha.

2. Msamiati wa ndoa

Kiswahili kina msamiati tajiri katika uwanja huu. "Posa" na "ndoa" ni maneno ya asili ya Kibantu; "mahari" na "arusi" yametoka katika Kiarabu. Kila moja lina mahali pake: posa hutangulia, mahari hufuata, ndoa hufungwa, arusi husherehekewa. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, Mkristo akiulizwa kama "amefanya arusi", anaulizwa kama ndoa yake imefungwa kanisani. Sherehe ya siku moja imechukua nafasi ya mwendo mzima.

Kwa Wagusii mwendo huo ulikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza ni "esigani", yaani mshenga, aliyechunguza tabia na hali ya pande zote mbili. Ya pili ni "chiombe", ng'ombe wa mahari, ambao ndio waliohalalisha ndoa na kuwapa watoto ukoo wa baba yao. Ya tatu ni "enyangi", sherehe kuu iliyoikamilisha ndoa, ambapo mwanamke alivishwa miguuni pete za chuma ziitwazo "ebitinge". Jambo la kuzingatia ni kwamba enyangi iliweza kuchelewa kwa miaka, hata baada ya watoto kuzaliwa. Katika muda huo wote mwanamke aliyetolewa chiombe alikuwa mke halali, ijapokuwa sherehe yake ilikuwa bado.

3. Hatua hizo katika Maandiko

Tukiyasoma Maandiko kwa macho ya mila hiyo, mambo matatu hujitokeza.

Kwanza, mshenga yumo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 11, Paulo anajieleza kuwa ndiye aliyewaposea waumini mume mmoja. Msomaji wa mjini huenda akaipita kauli hiyo haraka. Msomaji wa Bonchari au Kitutu anatambua kuwa Paulo amejitwika dhamana ya esigani: akiusema uongo upande mmoja, nyumba mbili zitaharibika.

Pili, mahari yamo. Katika mlango wa pili wa Hosea, Mungu anaahidi kuwaposa watu wake, na mambo matano yanatajwa: haki, hukumu, fadhili, rehema na uaminifu. Katika Kiebrania mambo hayo yanaandamana na kihusishi kilekile kinachotumika katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 3, pale Daudi anapotaja gharama aliyoitoa ili kumposa Mikali. Kwa sababu hiyo wafasiri wengi huyasoma mambo hayo matano kuwa ndiyo mahari. Neno la Kiebrania lenyewe, "mohar", ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupatia "mahari". Tena katika mfano wa Mathayo 22 mwenye kuandaa arusi si bwana arusi bali ni mfalme, baba yake. Jambo hili halimshangazi Mgusii, kwani kwa desturi kijana alioa kwa ng'ombe wa zizi la baba yake, au kwa wale walioingia nyumbani dada yake alipoolewa.

Tatu, sherehe inakuja mwisho. Katika Hosea watu wameposwa. Katika Ufunuo arusi ndiyo kwanza imewadia. Kati ya hapo na hapo ndipo waumini wanapoishi. Wao ni mke kwa agano, lakini sherehe ingali mbele yao. Hali hii, ambayo wanateolojia huieleza kwa maneno mengi, ni hali iliyojulikana na kila mke wa Kigusii aliyekwisha kutolewa chiombe na kungojea enyangi.

Kuna jambo la nne, lisilohusu hatua bali maana. Wagusii waliwaoa watu wa koo za nje tu, na koo hizo mara nyingi zilikuwa za uhasama. Wanaanthropolojia wameandika msemo wao kwamba wale tunaowaoa ndio tunaopigana nao. Paulo naye, katika Warumi 5, anasema waumini walipatanishwa na Mungu walipokuwa adui zake. Kwa masikio ya Kigusii, ndoa na upatanisho si taswira mbili, ni moja.

4. Mipaka ya taswira

Hata hivyo kila sitiari ina mahali inapokoma. Kwa mila ya Kigusii kifo cha mume hakikuvunja ndoa. Mjane alibaki mke wa marehemu, na watoto aliowazaa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu huyo. Paulo katika Warumi 7 anajenga hoja yake juu ya kanuni iliyo kinyume: mume akifa, mke yu huru. Mwalimu asiyeieleza tofauti hiyo ataiacha hoja nzima ikiwa giza.

Mpaka mwingine umo katika sarufi. Katika Kiswahili mwanamume "huoa" na mwanamke "huolewa". Kauli hii ya kutendwa inaifaa teolojia, kwa kuwa Mungu ndiye mtenda na watu ni watendwa. Lakini taswira ikigeuzwa, ikatoka kwa Mungu ikarudi nyumbani, mume hujiona mungu mdogo, na vitisho vya Hosea dhidi ya mke huwa kisingizio cha fimbo. Ieleweke kwamba katika Waefeso 5 sharti zito limewekwa juu ya mume: ndiye anayetakiwa kujitoa. Katika taswira hii deni ni la bwana arusi.

5. Hitimisho

Jambo hili si la vitabuni tu. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1910, na tangu hapo ndoa ya kanisani imeishi bega kwa bega na ndoa ya chiombe. Utafiti wa N. Thomas Håkansson, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kwamba kuanzia miaka ya 1960 wengi zaidi walianza kuishi pamoja bila mahari kutolewa, na kwamba mwanamke wa namna hiyo hana salama katika haki ya ardhi. Akifa, jamaa zake waweza kudai ng'ombe kabla hajazikwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imejaribu kupunguza uzito huo kwa kusema kwamba, pale mila inapodai mahari ili ndoa ithibitike, kiasi kidogo cha ishara kinatosha.

Basi mwanamke huyo husimama nje mara mbili: wazee hawamhesabu mke kwa kuwa chiombe hazikutolewa, na kanisa laweza kumzuia kushiriki meza ya Bwana kwa kuwa hajafunga ndoa kanisani. Si kazi ya mwanaisimu kuyaamulia makanisa. Lakini ni kazi yake kuonyesha kwamba, katika Maandiko na katika mila vilevile, asiyelipa ni mwanamume, na anayeulizwa ni mwanamke. Watafsiri na walimu wa dini wakiyarudishia maneno "posa", "mahari" na "arusi" mipaka yake, angalau swali litaelekezwa kwa mwenye deni.