Kusoma Biblia Kila Siku: Visima vya Korbesa Vyafundisha Nini?

Watu wengi wasomao Biblia kila siku hufikia wakati ambapo maneno yake huwa kama njia ya kwenda kazini: miguu yaijua, lakini macho hayaioni tena. Sura husomwa, kitabu hufungwa, na mtu akiulizwa saa sita mchana alisoma nini asubuhi, hana jibu. Dawa ya uchovu huo si kutafuta kitabu kingine. Yafaa kukirudia kile kile kwa macho ya mtu aijuaye kazi inayosimuliwa ndani yake. Na kwa habari za visima, zilizojaa katika kitabu cha Mwanzo, ni vigumu kupata walimu walio bora kuliko wafugaji wa Korbesa.

Korbesa iko katika kaunti ndogo ya Merti, Kaunti ya Isiolo, katika nchi kavu ambamo mto Ewaso Nyiro hupita ukielekea kinamasi cha Lorian. Wenyeji wake ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Walio wengi ni Waislamu, lakini Ibrahimu, Isaka na Yakobo si wageni kwao, kwa kuwa hutajwa katika Kurani kuwa manabii. Tena maisha ya wazee hao, yaani kuhama na mifugo na kutafuta maji, ni maisha wanayoyajua vema.

NGAMIA KUMI

Katika sura ya 24, Rebeka anamnywesha maji mtumishi wa Ibrahimu, kisha anajitolea kuwanywesha ngamia wake kumi. Msomaji wa mjini humwona msichana mwenye adabu, akapita. Mfugaji hupiga hesabu kwanza. Ngamia mmoja aliyetoka safari ndefu aweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Ngamia kumi ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Naye Rebeka alikuwa na mtungi wa begani, akishuka na kupanda, huku yule mgeni akimtazama kimya. Kumbe alichokuwa akikitazama mtumishi ni kazi ya jasho, ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Maneno matamu husemwa na kila mtu. Madebe 50 hayatekwi na kila mtu.

JIWE LA KISIMA

Katika sura ya 29, Yakobo anafika kwenye kisima kilichofunikwa kwa jiwe kubwa. Wachungaji wamekaa wakingoja, maana jiwe haliondolewi mpaka makundi yote yakusanyike. Wasomaji wengi huwadhania kuwa wavivu. Mborana hatawadhania hivyo. Katika visima virefu vya Waborana, viitwavyo tula, wanaume husimama ngazi kwa ngazi wakipokezana ndoo na kuimba, na yuko msimamizi wa zamu, aba herega, aangaliaye nani anyweshe leo na nani kesho. Kungoja kisimani ni sheria, na sheria hiyo huzuia damu isimwagike. Basi mtu kama huyo akisoma kwamba Yakobo, mgeni aliyefika saa ile ile, alilivingirisha jiwe peke yake alipomwona Raheli, atashtuka. Hapo ataona nguvu ya upendo, na pia tabia ya mtu asiyependa kungoja zamu yake, tabia ambayo ilikwisha kumfarakanisha na Esau ndugu yake.

ISAKA NA VISIMA VITATU

Lakini habari iliyo nzito kuliko zote ni ya sura ya 26. Isaka anavichimbua visima vya baba yake vilivyofukiwa, na kuviita kwa majina yale yale. Kwa Waborana kisima kirefu hutajwa pamoja na ukoo wa yule aliyeanza kukichimba; kwa hiyo kukifukia ni kufukia na jina la watu. Kisha watumishi wa Isaka wanachimba kisima kipya, wachungaji wa Gerari wanakigombania, naye anakiacha. Wanachimba cha pili, nacho kinagombaniwa, naye anakiacha. Cha tatu hakigombaniwi, akakiita Rehobothi, maana amepata nafasi.

Ni rahisi kumwita Isaka mwoga. Lakini kaskazini ya Kenya mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwaka 2022, na mifugo ikafa kwa wingi. Aliyeuona ukame ule ajua kwamba kuacha kisima chenye maji ni kuacha mali na jasho la watu. Isaka alilipa gharama hiyo mara mbili ili watu wake wasiuane. Wala habari haikuishia hapo: baadaye Abimeleki alimjia mwenyewe, wakala pamoja, wakaapiana amani, na siku ile ile watumishi wakaleta habari ya maji mapya. Waliogombana walipatana, na hilo ndilo jambo linalotakiwa hata leo po pote makundi mawili yakutanapo penye kisima kimoja.

LUGHA YA PILI

Iko njia nyingine ya kuyafanya maneno kuwa mapya, nayo ni kuyasoma kwa lugha nyingine. Dakta Krapf, aliyeanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, alikuwa amefika pwani akitafuta njia ya kuwafikia Waoromo, ambao Waborana ni ndugu zao. Biblia nzima kwa Kioromo ilipigwa chapa mwaka 1899, kazi ya Onesimos Nesib, aliyeuzwa utumwani utotoni na kukombolewa, akisaidiwa na Aster Ganno, naye mtumwa aliyewekwa huru. Asomaye Kiswahili leo na lugha ya mama yake kesho hulazimika kwenda polepole, na aendaye polepole huona mengi.

Basi msomaji na apunguze idadi ya aya, aongeze maswali. Ni kazi gani inayofanywa hapa? Nani amechoka? Nani amepoteza nini? Asipojua, na amwulize mzee aliyeifanya kazi hiyo, awe wa dini yake au wa dini nyingine. Maji ya kisima hayaishi kwa kuwa yalitekwa jana. Mtekaji ndiye apaswaye kushuka tena leo.