Mbweu ya Ng'ombe na Kikombe cha Maziwa

Mama anapowamiminia watoto maziwa asubuhi, ni nadra aikumbuke mbweu ya ng'ombe. Hata hivyo, vitu hivyo viwili vina uhusiano mkubwa, unaomgusa mfugaji mfukoni na sisi sote katika hewa.

Ng'ombe hawezi kuyeyusha nyasi peke yake. Katika tumbo lake la kwanza vimo vijidudu visivyohesabika vinavyomfanyia kazi hiyo. Nyasi zinapovunjwavunjwa hutokea haidrojeni. Baadhi ya vijidudu huiunganisha na hewa ya ukaa, ikawa gesi ya methani. Gesi hiyo, kinyume cha wadhanivyo wengi, hutoka zaidi mdomoni kwa mbweu. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Kwa mfugaji pia ni hasara, kwani nguvu ya malisho iliyofaa kuwa maziwa imepotea.

Wakati wa kiangazi nyasi hukomaa zikawa ngumu. Ng'ombe hula kidogo, maziwa hupungua, lakini mbweu haikomi. Hapo ndipo Bwana Mifugo hushauri kwamba ng'ombe arudipo machungani aongezewe pumba za mahindi, mashudu ya pamba au alizeti, na majani ya lukina.

Je, gesi itapungua? Hapana budi tuseme kweli: ng'ombe aliyeshiba vizuri huweza kutoa gesi nyingi zaidi kwa siku. Linalopungua ni fungu la kila lita. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ng'ombe wa lita 5 akitoa gramu 200 za methani, kila lita ina gramu 40. Akiongezewa chakula akafikia lita 8 na gramu 240, kila lita ina gramu 30.

Kwa hiyo chakula cha ziada peke yake hakitoshi. Dunia hupata nafuu pale mfugaji anaporidhika na ng'ombe wachache wanaokamuliwa vizuri, badala ya kundi kubwa lenye njaa. Wala asimpe nafaka nyingi kwa ghafula, maana tumbo huingia asidi na mnyama huugua; tena mahindi ni ugali wa watu. Pumba na mashudu ni mabaki ya vinu vyetu.

Ndugu msomaji, wingi wa ng'ombe sio wingi wa maziwa. Mmoja aliyeshiba huweza kuwashinda wawili wenye njaa.