Watoto wa Kambini na Taka

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jalala la Kiteezi karibu na Kampala liliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, wakiwemo watoto. Taka zile zilitoka majikoni mwa jiji zima.

Sisi askari hatuvumilii uchafu: alfajiri ufagio, kisha ukaguzi. Lakini, ndugu zetu, hatuna budi kukiri kwamba watoto wetu tumewafundisha kufagia tu, hatukuwafundisha kutenga. Maganda ya matoke, kavera na betri kuukuu huingia shimo moja, zikachomwa pamoja, na moshi ukarudi vyumbani walalamo.

Maganda yakitengwa ni chakula cha mbuzi, au huozeshwa yakawa mbolea. Hata mkaa wa kupikia hutengenezwa kwayo. Chupa za plastiki zina wanunuzi. Kavera haiozi upesi, nayo huzuia maji kupenya ardhini.

Kwa madebe mawili mlangoni, mtoto wa miaka 6 aweza kazi hii. Mgumu ni baba mwenye cheo atupaye kavera dirishani mwa gari. Tumemwona mmoja, mwanawe ndiye aliyeshuka kuiokota.